Trei za Mlangoni

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa najibu kwa ukali kidogo, kwa sababu najua swali linalofuata. Mimi ni meneja wa biashara ndogo ambazo hazina uwezo wa kuwa na meneja wa kila siku. Bekari ina siku zake kwangu, karakana ya viti ina zake, na Shangazi yangu, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, ana Jumatano. Naingia, napanga, nagomba, naondoka. "Kwa hiyo wewe ni kibarua," shemeji yangu alisema siku moja mbele ya watu, mdomo umejaa chakula. Haya, kibarua. Lakini kibarua mwenye funguo za stoo tatu.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa kwenye kampuni kubwa, nina meza yangu na watu wa kuwatuma, mpaka siku unga ulipomwagika, nikaachishwa kazi. Nikarudi nyumbani nikajilaza. Nililala mpaka majirani wakadhani naumwa. Aliyenitoa kitandani ni Shangazi, dada yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara na mtu huyo akaitika. Aliingia bila hodi, akavuta shuka. "Amka huko! Ulichokuwa unawafanyia wale, njoo unifanyie mimi siku moja kwa wiki. Siku nyingine tafuta wengine." Ndivyo nilivyopata mteja wa kwanza, na kwa jina lake nikapata hao wengine.

Shangazi hakujaliwa watoto. Alikuwa na kuku. Yeye na marehemu mumewe waliwachagua kwa miaka na miaka, jogoo huyu na tetea yule, yule mwenye mdomo mbovu wa kula akachinjwa, yule mvumilivu akabaki, mpaka wakapata kuku wao wenyewe: wakubwa, shingo madoadoa, miguu ya manjano, kuku wasiougua ovyo na wanaolea. Watu walitoka mbali kufuata vifaranga vyake. Mumewe alipofariki alibaki nao hao. Aliwaita wanangu, na ole wako ucheke.

Banda lilikuwa shambani kwake nje ya mji, mashine ilikuwa mjini kwenye chumba cha kupanga, kwa sababu ya umeme. Mayai yalisafiri kila Jumatano kutoka huku kwenda kule. Nilipoanza kazi nilimkuta amekodi gari linalokuja nusu tupu, naye anapakata mayai kwenye kikapu chenye maranda. Bekari nayo ilikuwa imekodi gari lake, linapita barabara hiyohiyo kufuata mayai ya kula kwenye shamba la jirani yake Shangazi. Nikawaambia, jamani, nyie mna wazimu? Nikawaunganisha. Pikapu moja, dereva mmoja, na trei za plastiki za aina moja, za kijivu, maana zile za zamani kila siku zilikuwa zinagombewa, hii yangu, hii yako. Kikapu nilikicheka. Shangazi akacheka pia, akakitundika ukutani.

Dereva tulimwita Kobe. Aliendesha kana kwamba barabara nzima imetandazwa mayai, hata akiwa hana mzigo. Utaratibu niliompa ulikuwa rahisi. Anaanza kwa Shangazi, anapakia mayai ya mbegu, yale yenye jogoo, anayasukuma ndani kabisa. Kisha anapita kwa jirani, anapakia mayai ya kula mlangoni. Akifika mjini anaanza bekari, wanateremsha zilizo mlangoni. Zinazobaki ndani ni za Shangazi. Hakuna kuulizana, hakuna kubishana. Niliwaimbisha wote, Kobe na watu wa bekari: za mlangoni bekari, za ndani Shangazi. Niliwaimbisha mpaka wakakoma, na kwa kweli kwa mwaka mzima hakuna aliyekosea. Nilijisikia mtu. Wamiliki wengine wawili nilishawasimulia utaratibu ule, mmoja wao akasema nina akili ya ajabu, nami sikumkatalia.

Jumatano moja mbwa koko walipata upenyo kwenye wavu wa banda.

Shangazi alinipigia simu asubuhi nikiwa chumba cha mashine, nafuta vumbi kwenye mashine, tupu tangu mwezi uliopita tulipoipumzisha na kuuza vifaranga vya mwisho, nikisubiri mzigo. Sauti yake sikuitambua. "Wamekwisha," alisema. "Wote. Hata jogoo." Alikuwa amewavamia mbwa kwa fagio, wakamtafuna mkono wa kulia, na Kobe alikuwa amemteremsha zahanati njiani ashonwe. Nilianza kulia, yeye akanikatiza. "Usilie. Sikiliza. Mayai ya wiki nzima nilikuwa nimeyaweka ndani ya nyumba. Hayo yapo, yamo kwenye gari. Mwanangu, hayo ndiyo niliyobaki nayo duniani. Kwenye mashine yaingize kwa mkono wako, usimwachie mtu."

"Ondoa wasiwasi, Shangazi," nikamjibu. "Niachie mimi."

Kobe alifika kimya, macho mekundu. Tukashusha trei zilizobaki garini, nikanawa mikono, nikayapanga mayai moja moja kwenye mashine, ncha chini, kama nilivyomwona akifanya. Nilikuwa nayasemesha. Mimi, mtu mzima, mwenye akili ya ajabu, nilikuwa nayaambia mayai, poleni, tulieni, mama yenu anakuja.

Alikuja jioni ileile, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na hakuondoka tena. Alitandika mkeka kando ya mashine akahamia hapo. Niliporudi kumwangalia nilimkuta amelaza sikio kwenye ubavu wa mashine, anasikiliza feni. Alikuwa hali vizuri. Nikimwambia ale anasema ngoja kwanza vitotolewe. Kwa hesabu zake vikitoka nusu tu banda litajaa tena kabla ya mwaka kuisha, na alishaanza kumtafuta fundi wa wavu. Nilikuwa namsikiliza nikijua kwamba mtu huyu amening'inia kwenye kitu kimoja tu, kikikatika ameanguka.

Jumanne iliyofuata nilikuwa bekari. Nimesimama stoo, nimeegemea rafu, simu ikaita. "Nataka niyamulike leo," Shangazi alisema. Kumulika ni kulipitishia yai mwanga wa tochi gizani uone kama lina uhai; ukilimulika baada ya wiki unaona mishipa myekundu imetambaa. "Siwezi kungoja tena. Kifua kinanibana."

"Shangazi, Jumatano ndiyo siku yangu. Kesho asubuhi nipo hapo. Usiguse mpaka nije, tuyafanye pamoja kwa utulivu, na mkono wenyewe huo mmoja."

"Sawa, meneja." Aliniita meneja kila nilipomkera.

Kesho yake tukafunga mlango, tukashusha pazia zito. Alivuta kigoda, akashika tochi kwa mkono mzima, mimi nikawa nampa mayai. La kwanza mwanga ulipita wote, njano tupu. "Haya, moja si neno," akasema. La pili hivyohivyo. La tatu. Kwenye la tatu alilizungusha muda mrefu, akanirudishia. Tukaenda hivyo, mimi napokea upande huu naweka upande ule, na kila nilipoweka nilimsikia akivuta pumzi kupitia puani. Trei ya kwanza ikaisha. Hakuna hata moja lenye uzi mwekundu.

"Tochi hii imechoka," akasema. Nikabadilisha betri. Tukarudia.

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika, Shangazi. Ningejua."

"Basi ni mimi." Alikuwa amelishika yai lingine lakini halimuliki, amelishika tu. "Siku ya pili nilipitiwa na usingizi. Dawa za mkono. Labda joto lilishuka nikawa nimelala. Nimewaua mimi. Mbwa waliua mama zao, mimi nimewamaliza watoto."

"Si wewe."

"Kama si mimi ni nani? Nani mwingine alikuwa humu?"

Mashine niliijua, joto nililiangalia mwenyewe kila nilipopita, hapakuwa na kosa popote. Nilikuwa nimeanza kufikiri labda jogoo alikuwa mgonjwa, labda baridi, labda laana. Ndipo Kobe akagonga. Alikuwa ametoka kushusha mzigo bekari, siku hizo hakuwa na wa kwetu, akapita kusalimia. Alichungulia gizani na tabasamu la huruma.

"Vipi huko? Wanacheza?"

Shangazi hakumsikia. Alikuwa anarudia trei ya kwanza kwa mara ya tatu, midomo inamcheza. Kobe akaniinamia, akanong'ona kwa fahari ya mtu aliyefanya lake. "Yatakuwa mazima tu. Siku ile niliyabeba hayo kwa kuyabembeleza. Shangazi aliniambia nitangulie kwa jirani kwanza, yeye ajikusanye. Nikaenda, nikapakia ya bekari, nikarudi nikachukua yake mwisho."

"Mwisho?"

"Mwisho kabisa, ili yasikandamizwe."

"Ukayaweka wapi, Kobe?"

"Mlangoni. Ndani si kulikuwa kumeshajaa?"

Nilimshika mkono wa shati nikamtoa nje. Jua lilinipiga usoni. Nikamuuliza tena, akajibu vilevile, na katikati ya kujibu nikaona uso wake unabadilika, maana alikuwa ameanza kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Bekari waliteremsha zipi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Za mlangoni."

"Na wewe ukawaangalia tu!"

"Ningefanya nini? Nilikuwa nimetoka kumbeba mama wa watu anavuja damu, kichwa changu hakipo. Wakaja wakachukua za mlangoni kama siku zote. Na wewe ndiye uliyesema hakuna kuulizana, meneja. Uliniimbisha mwenyewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Haki ya Mungu, mkono uliinuka. Nikaushusha kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu mayai ya kula yaliyokuwa kwenye mashine, ya kuku wasiojua jogoo ni nini, niliyapanga kwa mkono wangu huohuo, nikiyaambia poleni.

Nikarudi mlangoni. "Shangazi, natoka mara moja. Nakwenda kuleta tochi nyingine, nzuri zaidi."

"Nenda upesi," akasema. Macho yake hayakutoka kwenye yai. Mungu anisamehe, nilifurahi kuwa hakuniangalia.

Kobe aliendesha vile anavyoendesha. "Kanyaga!" "Nakanyaga." "Hujakanyaga!" "Nimekanyaga, gari ndivyo lilivyo." Nilikuwa nimeinama mbele kama ninayelisukuma kwa paji la uso. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipa nguvu, nacho ni ukaidi wa Fundi Keki.

Fundi Keki ndiye mkuu wa jikoni pale bekari, jitu la mikono minene, na kwa miezi mingi tulikuwa paka na panya. Kabla sijaja walikuwa wanarundika trei mpya juu ya za zamani na kuchota za juu, za chini zinakaa mpaka zinanuka. Nikaweka sheria: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Kila trei nikaiandika siku yake kwa penseli. Fundi Keki alinuna, akasema mikono yake imeoka tangu mimi sijazaliwa. Nilimkamata akichota juu, nikamgombeza. Nikamkamata tena, nikamtishia kumsimamisha kazi. Tangu hapo alikuwa ananijibu ndiyo meneja, ndiyo meneja, kwa ile sauti ya mtu anayekudanganya mchana kweupe, nami sikuwahi kumwamini.

Sasa niliomba, kwa moyo wangu wote, awe ametudanganya. Yai la mbegu likikaa stoo yenye ubaridi linaweza kusubiri wiki moja na zaidi bila kufa. Kama yule bwana alikuwa anachota juu kwa siri, leo ameanza na trei mpya za Kobe, na zilizobaki za Shangazi bado zipo kule chini, zimesahauliwa, zimelala salama. Sijawahi kumpenda mfanyakazi mvivu kama nilivyompenda yule kwenye barabara ile.

Nikaingia jikoni nakimbia. Fundi Keki alikuwa ameegemea mashine ya kukoroga, unga mpaka kwenye nyusi.

"Meneja! Leo si siku yako."

"Mayai ya Jumatano iliyopita yako wapi?"

Akajiweka sawa. "Yametumika kwa mpangilio, meneja. Yaliyotangulia kuingia yametangulia kutoka."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi."

"Fundi, nisikilize. Leo sikuja kukagua. Nakuomba. Niambie ulikuwa unachota juu. Niambie huko chini kuna trei umezisahau. Sitakasirika. Nitakupigia magoti hapahapa kwenye unga."

Akanitazama kwa mashaka, kisha akamtazama Kobe aliyekuwa mlangoni nyuma yangu. Aliona mtego. Nilishamtega mara nyingi mno, maskini, na kila nilivyozidi kumbembeleza ndivyo alivyozidi kujitetea. "Meneja, mimi nina familia. Mwanzoni nilikuwa mkaidi, nakiri. Lakini tangu uliponionya sijakosea hata siku moja. Waulize wote humu. Njoo uone mwenyewe!"

Akanishika mkono akanipeleka stoo, anatembea kama bwana harusi. Rafu ilikuwa imepangwa safi kuliko nilivyowahi kuipanga mimi. Trei za leo upande wa kulia, tarehe zinaonekana, karatasi safi chini. Upande wa kushoto palikuwa patupu pamepigwa deki.

"Unaona? Za wiki iliyopita zimeisha leo asubuhi."

"Leo asubuhi?"

"Leo hii. Jana zilikuwa zimebaki trei mbili. Si ulikuwa umeziegemea hapohapo ukiongea na simu? Nikasema hizi zitatosha kesho, na kweli, alfajiri ikaja oda ya keki ya harusi, zikatosha sawasawa." Aliona uso wangu, akadhani simwamini, akaongeza. "Na mayai yenyewe yalikuwa mazuri, meneja! Kiini kizito, rangi ya kupendeza. Wateja wamesifu wiki nzima. Nilitaka nikuambie tuagize yaleyale."

Nilikwenda kwenye pipa la taka nikaingiza mikono yote miwili. Maganda yalikuwa bado na unyevu. Niliyafukua mpaka chini nikitafuta hata moja lililoponyoka, huku Fundi Keki anasema meneja, meneja, nguo zako. Sikuweza kuacha. Nilikuwa nasikia mtu ananung'unika na nikachukua muda kujua ni mimi.

"Lipo moja," akasema mwishowe, kwa woga. "Lilikuwa na ufa, nikaliweka kando nilipake juu ya mikate."

Lilikuwa kwenye kibakuli. Ufa mwembamba, umezunguka upande mmoja. Yai lenye ufa halitotoleki, hilo hata mimi nilikuwa nimeshajifunza, na hata lingetotoleka kifaranga mmoja asingemrudishia Shangazi banda. Nililichukua. Nikalifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikaliweka kwenye kiganja, nikapanda gari.

"Polepole, Kobe."

"Sasa ndiyo polepole," akasema. Baada ya muda akajikaza. "Si tuwatafute waliowahi kununua vifaranga? Wako watu wengi wenye kuku wa mama."

"Wamechanganyika na kuku wa kila uwanja. Alikuwa anawaambia wasichanganye, nani alimsikia? Wale wenyewe hasa walikuwa bandani."

Karibu na kona ya mwisho kuna shimo ambalo Kobe analijua kama anavyoijua nyumba yake. Alilikwepa. Nadhani nilibana mimi. Nilisikia joto linanichuruzika kwenye vidole, na nilipofungua kitambaa palikuwa na maganda na kiini kizito chenye rangi ya kupendeza. Nikalia kwa sauti, bila haya, na Kobe akasimamisha gari akalia na yeye, huku watu wanatupita.

Shangazi alikuwa palepale kwenye kigoda. Alikuwa ameyapanga mayai yote upya juu ya meza, na moja ameliweka peke yake juu ya kanga iliyokunjwa.

"Njoo," akaniita, uso umechangamka. "Hili lina kitu. Nimeliona. Kuna kivuli kinacheza ndani. Ukileta tochi nzuri utakiona. Umeileta?"

Nikainama nikatazama. Kivuli kilikuwa cha kidole chake.

"Shangazi, haya si mayai yako."

Nilimweleza. Nilimweleza moja kwa moja, jirani kwanza, yeye mwisho, mlangoni, ndani, bekari, na kila neno lilitoka likiwa na utaratibu mzuri kama ninavyowaeleza wamiliki wengine. Nilijichukia kwa jinsi lilivyoeleweka. Kobe alikuwa amesimama nje, hakuthubutu kuingia.

"Kwa hiyo hayakufa kwenye mashine," akasema.

"Hapana. Hukuyaua wewe. Hukulala ukayaua."

"Waliyafanyia nini?"

"Mikate. Keki. Leo asubuhi keki ya harusi."

"Yote?"

"Yote."

Akautazama mkono wangu uliokuwa umelowa. "Na hiyo?"

"Lilibaki moja, lina ufa. Limenivunjikia njiani."

Akauvuta mkono wangu mapajani mwake, akaanza kuufuta kwa upindo wa kanga, kidole kimoja kimoja, vile alivyokuwa akinifuta nilipokuwa mdogo nikitoka kucheza matope. Alifuta mpaka katikati ya vidole. Kisha akaacha kufuta ghafla.

"Leo asubuhi, umesema. Jana yalikuwepo?"

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria, kweli kabisa nilifikiria.

"Yalikuwepo. Trei mbili."

"Nilikupigia simu jana."

"Ulinipigia."

"Nikakuambia kifua kinanibana, nataka kumulika. Ningemulika jana ningeona jana. Ungekwenda jana." Alikuwa anazipanga hatua taratibu, mwenyewe, bila msaada wangu. "Ukaniambia ningoje siku yako."

"Ndiyo, Shangazi."

Akauachia mkono wangu. Hakupiga kelele. Ningetoa chochote nisikie ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya barabara, initukane, majirani wasikie. Alikaa ametazama mashine, feni inazunguka, taa yake ndogo ya kijani inawaka, kila kitu kinafanya kazi sawasawa.

"Basi niambie, meneja," akasema. Safari hii hakulisema kwa kukereka, alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu aliyepotea njia anavyomuuliza mwenyeji. "Sasa nifanye nini?"

Hilo ndilo swali linalonilisha. Wamiliki wote huishia kuniuliza hilo, nami sijawahi kukosa la kujibu. Hata nisipojua huanza na "kwanza" halafu maneno yanakuja yenyewe. Nikafungua mdomo. Nikasema "kwanza." Halikuja neno lingine.

"Sijui, Shangazi."

Akatikisa kichwa kukubali. Akainuka, akachomoa waya wa umeme ukutani, feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama. Kisha akavuta trei tupu za kijivu, akaanza kuyarudisha humo yale mayai ya meza, mayai ya watu, yasiyo na kitu ndani na yasiyofaa tena hata kukaangwa. Alikuwa anayapanga kwa mkono wa kushoto, ule wa bandeji akishikilia trei isiteleze, na nilimwona anavyouma meno kila trei ilipougusa. Nikasogea, nikanyoosha mikono nimsaidie.

"Acha," akasema. "Utayachanganya."

Nikairudisha mikono yangu, nikakaa kwenye mkeka wake, nikamwangalia akimaliza.